Kwa nini ndizi haina mbegu

Ukikata ndizi mbivu kwa upana, utaona vidoa vyeusi katikati yake: ni ovuli, yaani vijiyai vya ua ambavyo havikupata kuwa mbegu. Huwaonyesha wanafunzi wangu vidoa hivyo kabla hawajagusa hadubini, kwa kuwa vinatofautisha vizuri mitosisi (mgawanyiko wa seli unaokuza mwili) na meiosisi (ule unaotengeneza chavua na mayai) kuliko mchoro wowote ubaoni.

Mgomba wa matoke unaolimwa Kagera na Uganda una kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba urithi) 33 katika seli za mwili wake, yaani seti 3 za kromosomu 11. Mitosisi haitatizwi na hesabu hiyo. Seli hunakili DNA yake yote, hivyo kila kromosomu huwa na kromatidi 2, yaani nakala 2 zilizoshikana. Kisha kromosomu hujipanga katikati ya seli, kila moja peke yake bila kuhitaji mwenzi, nyuzi za spindeli, kamba ndogo ndani ya seli, zikavuta kromatidi kuelekea ncha mbili, na ukuta mpya ukajengwa baina yao. Kila seli mpya hupata 33 zile zile. (Darasani hutumia ncha ya mzizi wa kitunguu, ambao kromosomu zake 16 ni kubwa, za mgomba ni ndogo mno, huchosha macho.) Ndivyo mzizi unavyorefuka, na ndivyo chipukizi linavyoota ubavuni mwa mama yake likiwa limerithi kila kitu, hata udhaifu wake mbele ya ugonjwa wa ukungu uitwao sigatoka nyeusi.

Katika meiosisi seli hunakili DNA mara 1 lakini hugawanyika mara 2, na kabla ya mgawanyiko wa kwanza kila kromosomu lazima ishikane na mwenzi wake. Kwetu binadamu 46 hufanya jozi 23 bila baki. Katika mgomba, kromosomu 3 zinazofanana hugombea nafasi ya jozi moja, na inayobaki huangukia upande wowote. Chavua na mayai mengi hutoka na hesabu iliyovurugika na kushindwa kuzaa. Bahati yetu walaji ni kwamba tunda lake hunenepa bila kungoja urutubisho.

Watafiti nchini Uganda wameitumia kasoro hiyo hiyo. Mara chache yai hubaki na kromosomu zote 33, na likirutubishwa kwa chavua ya mgomba mwitu yenye 11, huzaliwa mmea wenye 44, ambao hupata jozi kwa urahisi zaidi. Mmea huo ukichanganywa tena na mgomba wenye seti 2 hutoa watoto wenye seti 3, na kwa njia hiyo zilipatikana aina za migomba ziitwazo NARITA, ambazo mkulima huzipanda kwa machipukizi kama alivyozoea.