Mawe ya nyongo si kosa la mafuta peke yake

"Daktari, mafuta nimeacha kabisa, na asubuhi nakunywa chai ya rangi tu." Kauli hii tunaisikia sana kliniki kwa mtu aliyetoka kupigwa ultrasaundi akaambiwa ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Amejinyima kwa nia njema, ila huenda anajiongezea tatizo.

Mfuko huo, ulio chini ya ini upande wa kulia, hubeba nyongo kiasi cha mililita 30 hadi 50. Mafuta ya chakula yakifika utumbo mwembamba, homoni huufanya mfuko ujikamue, nyongo imwagike kusaidia kuyasaga. Ukikaa na njaa saa nyingi kila siku, au ukila bila mafuta hata kidogo, nyongo inalala humo na kuwa nzito. Lehemu (kolesteroli) iliyozidi huganda, kwanza chembechembe, baadaye mawe. Ndiyo sababu wanaopunguza uzito kwa pupa hupata mawe haya kwa urahisi.

Bakteria nao wana sehemu yao, na wengi wao wala hawakai kwenye nyongo. Nyongo ikishafanya kazi, sehemu kubwa hufyonzwa na kurudi kwenye ini. Inayobaki huteremka hadi utumbo mpana. Huko bakteria huigeuza kuwa asidi iitwayo deoksikoliki. Asidi hiyo nayo hufyonzwa, na ikizidi kwenye nyongo, lehemu huongezeka pia. Choo kikichelewa, bakteria wanapata muda mrefu wa kuifanya kazi hiyo. Hapa ndipo dona linapolishinda sembe, na maharage, kunde, mchicha na matunda yanapopata uzito wake: nyuzinyuzi husukuma choo. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji Mulago, Kampala, aliona kwamba mawe ya nyongo yalikuwa nadra kwa Waafrika waliokula vyakula visivyokobolewa. Sahani zetu za mjini zimebadilika sana tangu wakati wake.

Kuna mawe mengine, ya rangi ya kahawia, ambayo huletwa na bakteria walioingia kwenye njia za nyongo zenyewe. E. coli, kwa mfano, ana kimeng'enya kinachovunja rangi ya nyongo. Rangi hiyo hushikana na kalisi na kuganda.

Linalonisumbua zaidi ni taifodi. Vimelea vyake hujishika juu ya mawe na kujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida. Mtu anapona homa, anarudi jikoni kupika, na kwa miaka anavitoa kwenye choo bila kujua. Asiponawa mikono kwa sabuni, mawe yake yanakuwa hatari kwenye sahani ya mwenzake.

Kwa wazazi wenye watoto wa seli mundu: mtoto akipata mawe meusi, msijilaumu kwa mlichompikia. Chembe zake nyekundu za damu huvunjika haraka, na rangi yake huishia kwenye nyongo.

Chakula hupunguza uwezekano wa mawe kutokea, lakini hakiyeyushi yaliyokwisha kuganda. Wala hayatoki kwa kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau. Yale madonge ya kijani watu wanayoyaona chooni ni sabuni iliyotengenezwa tumboni na mchanganyiko wenyewe.

Wengi wenye mawe hawaumwi kamwe, na hao kwa kawaida hawahitaji upasuaji. Wengine hutibiwa vidonda vya tumbo miezi kadhaa kabla mtu hajafikiria nyongo. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanayokuja baada ya mlo na kupanda hadi bega au mgongo, yanataka ultrasaundi. Yakiambatana na homa, baridi ya kutetemeka au macho kuwa ya njano, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.