Gertrude Stein hakuwa mwangwi wa Picasso

Wengi humkumbuka Gertrude Stein kama mwandishi Mmarekani aliyewakaribisha wachoraji nyumbani kwake Paris, kisha akaiga kwa maneno kile Picasso alichokifanya kwa rangi. Huko ni kumdhulumu. Kitabu chake Three Lives kilichapishwa mwaka 1909, lakini alikimaliza 1906, kabla Picasso hajakamilisha picha yake maarufu Les Demoiselles d'Avignon mwaka 1907. Aliyemfungua macho ni mchoraji Mfaransa Cézanne, ambaye picha yake ya mwanamke aliyeketi ilining'inia ukutani Stein akiandika. Tena alikuwa amesomea saikolojia kwa William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani. Ule urudiaji wake wa maneno, unaoitwa upuuzi, ni uchunguzi wa akili inavyofikiri. Picasso alimchora, naye Stein akamwandika Picasso.