Clouds FM: redio iliyotokea disko

Kazi yangu ni kupanga muziki wa redio: ngoma gani ipigwe saa ngapi, ifuatiwe na ipi, irudiwe baada ya muda gani. Kijana akija kujifunza kazi hii, namwanzishia na Clouds FM, maana ratiba yake inaonyesha mkono wa mtu wa disko.

Kabla ya sheria ya utangazaji ya 1993, hewa ya Tanzania Bara ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD ilirekodi bendi zetu za dansi, na hazina ile hailinganishwi na kitu. Ila kijana aliyerap kwa Kiswahili hakuwa na pa kubisha hodi. Radio One ilipoingia hewani 1994, Taji Liundi, na baadaye Mike Mhagama, wakaanza kuwapigia ngoma zao. Clouds FM ikafuata 1999.

Joseph Kusaga, mwanzilishi wa Clouds, hakutokea chumba cha habari. Alianza na disko, kisha ikaja Mawingu Studio, ambako Bonny Luv aliwarekodi wasanii wa mwanzo wa rap ya Kiswahili. DJ wa disko hatazami jina la msanii, anatazama miguu ya watu. Ukisikiliza Clouds kutwa nzima utamsikia DJ huyo. Power Breakfast, kipindi cha asubuhi, ni maneno mengi, muziki kidogo, kwa sababu watu wanavaa, wanapanda daladala, wanataka kujua mji umeamkaje. Leo Tena ni visa vya watu. XXL, mchana, ndipo ukumbi unapojaa: ngoma mpya za Bongo Fleva hutambulishwa hapo. Jioni Jahazi linaingia kwenye foleni, na miaka ile ya watangazaji marehemu Ephraim Kibonde na marehemu Gardner Habash nimeona watu wamefika nyumbani lakini hawashuki garini. Usiku, Ala za Roho ikapunguza mwendo kama DJ anavyowapigia wapenzi.

Sasa sehemu ninayoipenda zaidi. Matangazo ndiyo yanayotulipa mishahara, na ndiyo dakika msikilizaji anaponyoosha mkono kuhama stesheni. Kwa hiyo baada ya matangazo sipigi wimbo mgeni hata siku moja. Naweka ule ambao konda anaujua kiitikio chake, halafu mgeni namuingiza katikati ya wenyeji wawili. Sikio likishaupokea wa kwanza na kujua wa tatu uko njiani, linamvumilia wa kati. Siku ya nne mtu anauimba bila kujua aliusikia wapi.

Marehemu Ruge Mutahaba, aliyekuwa mkurugenzi Clouds, aliiona nguvu hiyo ikivuka studio. Tamasha la Fiesta likapeleka ngoma za redioni mikoani, na THT, nyumba ya kulea vipaji, ikawalea kina Barnaba, Mwasiti na Linah. Nauheshimu sana mpango ule. Wasanii wengi walipata mkate. Lakini nyumba moja ikiwa na redio, jukwaa na darasa, anayebaki nje ya mlango hana pa kukata rufaa, na malalamiko ya kubaniwa ngoma hayakukosekana. Mimi nayachukulia kwa uzito, kwa sababu kubana ni rahisi mno: hukatazi chochote, unauacha tu wimbo upigwe saa tisa usiku.

Ndiyo maana kwenye ratiba yangu wimbo mpya ninaoupokea, uwe wa mwenye jina au wa asiye nalo, hukaa wiki mbili za mchana, katikati ya wenyeji wake wawili, kabla sijaamua.