Zazen si kufuta mawazo

Mwambie mtu wa Mikindani kwamba kwenye mahekalu ya Zen, tawi la dini ya Kibuddha, huko Japani watu hukaa kimya kutwa katika tafakuri iitwayo zazen, atakujibu: wanafuta mawazo. Sivyo. Akili huwaza kama moyo unavyodunda. Anayeanza huhesabu pumzi 1 hadi 10, kisha hurudi 1. Akijikuta kwenye 14, au kwenye bei ya korosho, anaanza tena bila kujilaumu. Kule kurudi ndiyo kazi yenyewe.

Macho hayafumbwi. Yanatazama chini, kama mita 1 mbele. Ukifumba utasinzia, tena kwa joto letu hili!

Kunja mto wa sufi mara mbili, ukalie ukingoni ili magoti yote yaguse mkeka. Yakining'inia, mgongo hupinda na kiuno huanza kuuma kabla ya kikao cha dakika 25 kwisha.