Iventingi ni nini, na bingwa wake hupatikanaje?

Iventingi ni mashindano ya farasi yenye mitihani mitatu, na mpandaji huifanya yote akiwa na farasi yule yule. Chimbuko lake ni jeshini, kupima farasi wa vita. Ilipoingia Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, walioruhusiwa kushindana walikuwa wanajeshi tu. Wanawake walisubiri hadi 1964.

Mtihani wa kwanza ni dresaji: farasi hubadili mwendo na kugeuka kwa ishara ndogo za mguu na hatamu. Asiyeujua mchezo anaweza kusinzia hapa. Waamuzi hutoa asilimia, na kinachopungua kufika 100 huwa deni. Aliyepewa 75 huanza na deni la 25. Kisha mbio za nyikani, kwenye magogo, mitaro na maji. Farasi akigoma kuruka, deni linapanda kwa 20. Kila sekunde ya kuchelewa ni 0.4, mpandaji akianguka, safari yake imeishia hapo. Mwisho ni kuruka viunzi uwanjani, ambako kila fito inayodondoka ni 4. Deni halipungui kamwe. Mwenye deni dogo kuliko wote ndiye bingwa.

London 2012, Sara Algotsson Ostholt wa Sweden alikuwa na deni la 39.30 alipoingia raundi ya mwisho. Michael Jung wa Ujerumani alikuwa keshamaliza na 40.60. Sara alivuka viunzi vyote salama, hadi kile cha mwisho kabisa. Fito ikadondoka, deni likawa 43.30. Dhahabu ikaenda kwa Jung, siku aliyotimiza miaka 30.

Ukitaka kuielewa safari ya mpandaji kama huyu, fuata farasi wake kabla ya kuhesabu medali. Jung alitwaa ubingwa wa dunia 2010 akiwa na Sam, Olimpiki ya 2012 akiwa na Sam, na ile ya Rio 2016 bado akiwa na Sam. Farasi huzeeka mapema kuliko bwana wake, kwa hiyo bingwa lazima awe tayari anamlea mwingine wakati wa kwanza angali kileleni.

Aliyefuata aliitwa Chipmunk. Tokyo, mwaka 2021, waliongoza baada ya dresaji, kisha nyikani wakagonga kiunzi cha usalama. Viunzi hivyo hufungwa kwa pini inayoachia vikigongwa kwa nguvu, ili farasi asibiringike na kumwangukia mtu. Kukiachisha ni 11. Kwa pini hiyo Jung aliporomoka, akamaliza katika nafasi ya 8. Miaka mitatu baadaye, kwenye viwanja vya Versailles katika Olimpiki ya Paris, alirudi na Chipmunk yuleyule akatwaa dhahabu yake ya tatu ya mtu binafsi. Hakuna mpandaji mwingine wa iventingi aliyewahi kufikisha tatu.