Gundi ya Vigae Haisawazishi Sakafu

"Fundi, hapo pameinama kidogo, lakini gundi si itajaza?" Naulizwa Nyali, naulizwa Kisauni, naulizwa Likoni. Haitajaza! Gundi ya kawaida hukaa nyembamba, milimita 3 hadi 6 hivi. Ukiitia nene, ikikauka hunywea na kuvuta kigae chini, upande mmoja ukabonyea na mwingine ukabaki juu, mtu akipita miguu mitupu anajikwaa. Wengine huweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati. Huko chini kunabaki hewa. Gonga kwa mpini wa mwiko, utasikia mlio mtupu, na mguu wa friji ukitua hapo kigae kinapasuka.

Sakafu ipimwe kabla mfuko wa gundi haujafunguliwa. Laza rula ya aluminiamu ya mita 2 huku na huku, na mshazari pia. Pengo chini yake likizidi milimita 3, kuna kazi. Palipoinuka chonga kwa patasi. Shimo la kina lisafishe, lilowanishe, lipake uji wa saruji, ujaze saruji na mchanga kabla uji haujakauka. Bonde dogo litie mchanganyiko maalumu wa kusawazisha, maana saruji na mchanga ikiwa nyembamba hubanduka. Bafuni, mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji utengenezwe hapa hapa. Tafadhali msiuachie gundi.

Kisha kuna "imekauka, si unaona juu ni nyeupe?" Kukauka juu si kukauka ndani. Zege lipewe siku 28. Skridi, yaani lile tabaka la saruji na mchanga juu ya zege, kwa makadirio huhitaji siku 1 kwa kila milimita ya unene, na kwa hewa yetu ya Mombasa ongeza, hasa wakati wa masika. Bandika plastiki sakafuni, ziba kingo zote kwa tepu, iache siku nzima. Ukikuta umande chini yake, ngoja.

Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima yenye chumvi visiingie kwenye skridi. Chumvi hupanda na unyevu, ikatoka kwenye viungo vya vigae kuwa unga mweupe; unafagia leo, kesho umerudi.

Ufa unaotembea haufichwi na kigae. Nacho kitapasuka pale pale.

Na ile sakafu nyekundu ya zamani, iliyopigwa polishi miaka na miaka, haitoshi kuoshwa kwa sabuni. Ichongwe yote. Dondosha tone la maji: likinyonywa, gundi itashika, likibaki juu, endelea kuchonga.