Soketi ya "1/2 W" haijatanuka

Gereji za Mtwara na Lindi bado zina soketi nzito za Kiingereza za kufungulia bolti, na karibu kila moja husemwa ni "ya enzi za karanga", yaani mradi wa Waingereza wa kulima karanga Nachingwea, wa 1947 hadi 1951. Nyingine imeandikwa 1/2 W. Fundi akipima mdomo anakuta kama milimita 23, wakati nusu inchi ni 12.7. Basi anaambiwa imetanuka kwa uzee, na inaishia kwa wanunua vyuma chakavu. Inauma, kwa sababu chuma kile ni kizima kabisa.

W ni Whitworth, Mwingereza aliyependekeza vipimo vyake vya nyuzi za bolti mwaka 1841. Katika mfumo huo namba hutaja unene wa bolti yenyewe, si upana wa kichwa chake. Bolti ya nusu inchi ilikuwa na kichwa cha inchi 0.92, sawa na milimita 23.4. Soketi iko sahihi. Ikiwa na herufi AF, hapo ndipo namba inataja upana wa mdomo.

Kuhusu umri, maneno "Chrome Vanadium" hutaja aina ya chuma tu. Namba ya hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) nayo haisemi mwaka wa kutengenezwa: inaonyesha tu kwamba kifaa hakiwezi kuwa cha kabla ya uvumbuzi huo. Hataza za Uingereza zilianza kuhesabiwa upya kutoka 100,001 mwaka 1916, na kifaa kingeweza kubeba namba ileile kwa miaka mingi.